Kuki, Akiba na Hifadhi: Ushughulikiaji wa Data za Kivinjari katika Upimaji wa Mzigo wa Programu-Tumizi za Wavuti

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna data zinazotunzwa na kivinjari zinavyopaswa kushughulikiwa pale programu-tumizi ya wavuti inapopimwa uwezo wake wa kubeba mzigo wa watumiaji wengi kwa wakati mmoja. Hoja yake ni kwamba kivinjari hutunza data za aina kadhaa zenye tabia tofauti, na kwamba kuzichanganya, katika lugha au katika utendaji, huzaa majaribio yenye matokeo ya kuridhisha yasiyolingana na hali halisi. Maelezo yanatumia mfano wa mfumo wa udahili wa chuo kikuu na zana za upimaji zinazojulikana, hususan JMeter, k6, Gatling na Playwright. Pamoja na hayo, makala inajadili istilahi za Kiswahili zinazohusika na kupendekeza mipaka ya matumizi yake.

1.0 Utangulizi

Siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kujiunga na chuo kikuu ina tabia yake. Mfumo wa udahili uliokuwa umetulia kwa wiki kadhaa hujikuta, ndani ya saa chache, ukihudumia umati ambao haujawahi kuuona. Kijana aliyeko Kigoma au Mbarara anayebofya kitufe cha kutuma fomu, kisha akarudishwa kwenye ukurasa wa kuingiza nywila, hana njia ya kujua kama fomu yake imepokelewa. Iwapo haikupokelewa na mlango ukafungwa usiku huo, amepoteza mwaka mzima.

Ili kuepusha hali hiyo, wajenzi wa mifumo hufanya upimaji wa mzigo. Programu maalumu huunda watumiaji bandia, mia au maelfu, ambao huingia katika mfumo, hujaza fomu, hupakia vyeti na kutoka, huku wapimaji wakiangalia muda wa kila jibu, idadi ya makosa, na hali ya seva. Jaribio likionesha kwamba watumiaji 2,000 wanahudumiwa bila kero, wakuu wa chuo hutulia. Swali linaloshughulikiwa hapa ni kama utulivu huo una msingi. Mara nyingi hauna, na sababu haiko katika seva wala katika mtandao. Iko katika vitu vidogo ambavyo kivinjari cha mtu halisi huvitunza na kuvirudisha kimyakimya, ambavyo mtumiaji bandia huenda havijui kabisa.

2.0 Majina manne, vitu vinne

Kabla ya kuingia katika utendaji, ni lazima kuweka sawa majina. Mtu anayetumia simu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili hukutana na amri ya kufuta akiba, na kando yake amri ya kufuta hifadhi. Katika kivinjari hukutana na vidakuzi. Katika mazungumzo ya mafundi husikia kuki, kache, tokeni na kumbukumbu, wakati mwingine katika sentensi moja na kwa maana moja. Mkanganyiko huu si wa wanaisimu peke yao. Fundi anayeambiwa asafishe akiba kabla ya jaribio anaweza kufuta picha na mafaili ya mitindo akaacha kuki, au akafuta vyote pamoja. Na majaribio hayo mawili hayatatoa takwimu zinazofanana.

Katika makala hii, kuki ni kipande kifupi cha maandishi ambacho seva humpa kivinjari, na ambacho kivinjari hukirudisha chenyewe katika kila ombi linalofuata kwenda kwa seva hiyohiyo. Akiba ni nakala za mafaili yaliyokwisha kupakuliwa, kama picha, mitindo na skripti, zinazotunzwa ili yasipakuliwe tena. Hifadhi ni nafasi ambayo programu ya ukurasa wenyewe huiandikia na kuisoma, na yaliyomo hayapelekwi kwa seva mpaka programu hiyo iamue kuyapeleka. Tokeni ni thamani inayomthibitisha mtumiaji. Huweza kukaa ndani ya kuki au ndani ya hifadhi, na makao yake ndiyo yanayoamua jinsi ya kuishughulikia.

Neno kidakuzi, ambalo limeenea kupitia tafsiri za kampuni kubwa za teknolojia, lina sifa zake. Lina umbo la Kibantu, linaingia vizuri katika ngeli ya KI-VI, na halihitaji maelezo ya matamshi. Hata hivyo, msikilizaji hulisikia pamoja na dakua na udaku, na hivyo hufikiria kwanza mtu anayechungulia siri za wenzake. Maana hiyo inafaa pale kuki zinapotumika kumfuatilia mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine. Haifai kuelezea kazi yake ya asili, ambayo ni ya uaminifu kabisa. Lou Montulli, aliyezibuni mwaka 1994 alipokuwa Netscape, alichukua jina lililokuwa likitumiwa na waandaaji wa programu za Unix kwa kitu kinachopokewa na kurudishwa bila kubadilishwa wala kusomwa na aliyekibeba. Kwa sababu hiyo, makala hii inatumia kuki, katika ngeli ya I-ZI.

Jambo jingine dogo la kilugha: katika mfumo wa udahili, neno maombi linabeba mizigo miwili, ya kijana anayeomba nafasi na ya kivinjari kinachoiomba seva ukurasa. Hapa ombi ni la kivinjari. La kijana litaitwa fomu.

3.0 Kwa nini kivinjari hutunza kitu

Itifaki ya HTTP, ambayo wavuti umejengwa juu yake, haina kumbukumbu. Kila ombi hufika kama mgeni asiyejulikana, hata kama limetoka kwa mtu aliyehudumiwa sekunde moja iliyopita. Hali hii ilitosha wakati wavuti ulikuwa maktaba ya nyaraka za kusomwa. Haikutosha pale watu walipotaka kununua bidhaa na kujaza fomu ya kurasa tano.

Mfano wa karibu ni meza ya mikoba mlangoni pa maktaba ya chuo. Msomaji hukabidhi mkoba, hupewa kibao chenye namba, na akitoka hukirudisha kibao akapewa mkoba wake. Mhudumu hahitaji kukumbuka sura ya mtu. Kibao chenyewe hakina chochote cha mkoba. Kina namba tu, na mkoba uko rafuni. Kuki ya kikao hufanya kazi namna hiyohiyo: ina namba ndefu isiyobashirika, ilhali taarifa za mwombaji, hatua aliyofikia na haki zake viko upande wa seva. Seva hutoa kibao kupitia kichwa cha jibu kiitwacho Set-Cookie, na kivinjari hukirejesha kila mara bila mtumiaji kuhusishwa.

Vibao hivi vina masharti. Waraka wa kiufundi wa RFC 6265, uliotolewa mwaka 2011, unavitaka vivinjari viweze kutunza angalau baiti 4,096 kwa kila kuki na angalau kuki 50 kwa kila kikoa. Kuki huweza kuwekewa tarehe ya kufa, kikoa inachohusika nacho na njia inayoruhusiwa. Huweza pia kuwekewa alama ya kwamba isipelekwe ila kwa muunganisho uliosimbwa, au kwamba isisomwe na programu ya ukurasa. Masharti haya yanaonekana kuwa ya kiusalama tu, lakini itaonekana baadaye kwamba moja lao linatosha kuharibu jaribio zima.

Hifadhi ilikuja baadaye. Shirika la W3C liliipitisha kama pendekezo rasmi mwaka 2013, ikiwa na sehemu mbili: ya kudumu, ambayo hukaa mpaka ifutwe, na ya kikao, ambayo hupotea kichupo kikifungwa. Ukubwa wake kwa kawaida ni takriban megabaiti 5 kwa kila tovuti. Kwa data nyingi zaidi ipo hifadhidata ndogo ya ndani ya kivinjari iitwayo IndexedDB.

4.0 Zana ambazo si vivinjari

Zana nyingi za upimaji wa mzigo hufanya kazi katika ngazi ya itifaki. JMeter ya shirika la Apache, ambayo imetumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na ni ya bure, hutuma maombi na kupokea majibu, lakini haichori ukurasa wala haitekelezi JavaScript. Faida yake ni wepesi: kompyuta moja ya kawaida huweza kubeba mamia ya watumiaji bandia. Hasara yake ni kwamba kila kitu ambacho kivinjari hukifanya bila kuulizwa lazima mpimaji akiagize.

Mpimaji anayeunda jaribio la JMeter bila kuongeza kipengele cha kusimamia kuki amewaumba watumiaji wasio na mifuko. Wanapewa kibao, wanakiangusha hapohapo, na ombi linalofuata wanakuja mikono mitupu. Akikiongeza, kila mtumiaji bandia hupata mfuko wake, na mpimaji huchagua kama mfuko huo umwagwe kila mzunguko mpya unapoanza. Katika k6 hali ni tofauti: mfuko upo tangu mwanzo na humwagwa wenyewe kila mzunguko, isipokuwa mpimaji akikataza. Gatling nayo hushughulikia kuki na hata akiba ya mafaili bila kuagizwa. Matokeo yake ni kwamba mpango mmoja wa jaribio, ukiandikwa katika zana tatu kwa mipangilio ya awali, hutoa mizigo mitatu isiyolingana. Ripoti inayotaja idadi ya watumiaji bandia bila kutaja jinsi kuki na akiba zilivyoshughulikiwa haijaeleza jaribio lilikuwa nini.

5.0 Jaribio linalofaulu kwa uongo

Tuseme watumiaji bandia 500 wanatuma kwa jumla maombi 50 kwa sekunde, na seva ni Tomcat yenye muda wa kikao wa dakika 30, ambao ndio wake wa kawaida. Iwapo kuki zinashughulikiwa ipasavyo, seva inatunza vikao 500. Iwapo hazitunzwi, na kila ukurasa huanzisha kikao, kila ombi huzaa kikao kipya ambacho hakuna atakayekirudia, na ambacho seva italazimika kukitunza kwa sekunde 1,800. Baada ya nusu saa kuna vikao 90,000. Kila kimoja kikichukua kilobaiti 10, hiyo ni takriban megabaiti 900 za kumbukumbu badala ya megabaiti 5. Wapimaji wataona seva ikizidiwa na kuagiza mashine kubwa zaidi, na chuo kitalipia ugonjwa ambao haupo.

Kinyume chake ni hatari zaidi kwa sababu hupendeza. Kuki zikiachwa zidumu kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine, mtumiaji bandia anayerudi kwenye ukurasa wa kuingia hukutwa tayari ameingia, na seva humpeleka moja kwa moja ndani. Hatua ya kuhakiki nywila imerukwa. Hatua hiyo ndiyo miongoni mwa ghali kuliko zote, kwani mbinu za kuhifadhi nywila kama bcrypt zimebuniwa makusudi ziwe za polepole ili kumchosha mdukuzi. Siku ya mwisho ya udahili, umati wote unaingia upya. Jaribio lilipima umati uliokwisha kuingia. Jedwali la matokeo litakuwa la kijani na litakuwa halina maana.

Ipo pia njia ya tatu ya kukosea, ya kunakili kuki moja kutoka kivinjari cha mpimaji na kuwagawia watumiaji bandia wote. Hufanywa kwa haraka, ili kukwepa usumbufu wa kuandika hatua ya kuingia. Kwa mifumo iliyoandikwa kwa PHP, ambayo ni mingi, athari yake ni ya ajabu. Utunzaji wa kawaida wa vikao katika PHP hufunga faili la kikao wakati ombi moja linashughulikiwa, na maombi mengine ya kikao hicho husubiri. Watumiaji 500 wenye kikao kimoja hupanga foleni nyuma ya kitasa kimoja, na mfumo huonekana mzito kuliko ulivyo. Tena, pale ambapo kuna seva kadhaa nyuma ya msambaza mzigo anayemfungamanisha mtumiaji na seva moja kwa kutumia kuki, kuki moja humaanisha kwamba seva moja inabeba umati wote huku nyingine zikikaa bure.

Makosa haya yangegunduliwa mapema kama yangetoa ishara ya kosa. Hayatoi. Mtumiaji bandia asiye na kuki halali akiomba ukurasa wa fomu, mfumo humrudisha kwenye ukurasa wa kuingia, nao hufika na msimbo 200, yaani kila kitu ni sawa. Ukurasa huo ni mwepesi na haugusi hifadhidata, hivyo hufika haraka sana. Zana inayohesabu misimbo huandika mafanikio. Kinga yake ni kudai ushahidi wa maudhui: kila hatua ya jaribio ikague kama jibu lina maneno yanayopatikana tu ndani ya ukurasa uliokusudiwa, kama vile namba ya mwombaji bandia mwenyewe. Mwisho wa jaribio, idadi ya fomu zilizomo katika hifadhidata ilinganishwe na idadi ambayo zana inadai kuwa imetuma. Hesabu hii ya mwisho ni rahisi, na inashangaza jinsi inavyosahauliwa.

Chanzo kimoja cha hali hiyo kinastahili kutajwa pekee. Jaribio hufanywa mara nyingi ndani ya mtandao wa taasisi, kwa muunganisho usiosimbwa, ili kurahisisha kazi. Lakini kuki ya mfumo ina alama ya kutopelekwa ila kwa muunganisho uliosimbwa. Zana inayoheshimu sharti hilo, kama inavyopaswa, haitairudisha. Kadhalika, seva ya majaribio yenye jina tofauti na kikoa kilichoandikwa ndani ya kuki itatoa kuki ambayo zana itaikataa. Msanidi ataapa kwamba mfumo ni mzima, kwa kuwa katika kivinjari chake, kwenye anwani halisi, unafanya kazi.

6.0 Akiba na sura ya umati

Akiba haimtambulishi mtu, na kwa hiyo ikikosewa haimtupi nje ya mfumo. Inachobadilisha ni uzito. Tuchukulie ukurasa wa kwanza wa mfumo wa udahili una jumla ya megabaiti 2 za picha, mitindo na skripti, na waraka wenyewe wa kilobaiti 40. Wageni 2,000 wanaofika kwa mara ya kwanza watavuta takriban gigabaiti 4. Wageni hao wakirudi na akiba iliyo hai, watavuta takriban megabaiti 80. Kati ya kingo hizo mbili kuna hali ya kati, ambapo kivinjari kina nakala lakini huuliza kama bado inafaa, na seva hujibu kwa msimbo 304 kwamba haijabadilika. Data chache husafiri, ila idadi ya maombi haipungui.

JMeter ina kipengele cha kuigiza akiba, chenye ukomo wa awali wa vitu 5,000 kwa kila mtumiaji bandia, na mpimaji mwenye watumiaji wengi hana budi kuupunguza asije akaijaza kumbukumbu ya mashine yake mwenyewe. Swali gumu zaidi si la kipengele. Ni la sura ya umati: wangapi ni wageni wapya, na wangapi wanarudi?

Majibu yaliyozoeleka katika miongozo ya kigeni huchukulia kwamba mtu mmoja ana kifaa kimoja. Katika ukanda huu waombaji wengi huenda kwenye vibanda vya intaneti, vile ambavyo Nairobi huitwa saiba, ambako kompyuta moja huhudumia watu kadhaa siku nzima kwa mfumo uleule wa udahili. Mteja wa pili anapokaa, mafaili ya ukurasa tayari yamo katika akiba kwa sababu ya mteja wa kwanza, lakini kuki yake ni mpya kabisa, iwapo mtangulizi wake alitoka vizuri. Huyu si mgeni mpya wala si mgeni anayerudi. Ana akiba kongwe na kikao kichanga, na jaribio la kumwigiza linapaswa kumwaga kuki kila mzunguko huku likiacha akiba. Kwa upande mwingine, mwenye kibanda anayewafungulia wateja dirisha la hali fiche huzalisha wageni wapya tupu, kwani data za dirisha hilo hufutwa madirisha ya namna hiyo yakifungwa. Rekodi za seva zinaweza kuonesha uwiano wa majibu ya 304 na majibu kamili ya 200 kwa mafaili ya mitindo, na huo ni mwanzo mzuri zaidi kuliko kubahatisha.

7.0 Hifadhi na tokeni

Programu-tumizi za kisasa, ambazo sehemu kubwa ya kazi hufanywa na JavaScript ndani ya kivinjari, mara nyingi haziegemei kuki pekee. Mtumiaji akiingia, seva hurudisha tokeni katika mwili wa jibu, programu ya ukurasa huiandika katika hifadhi, na kuanzia hapo huiambatisha yenyewe kwenye kichwa cha kila ombi. Aina maarufu ya tokeni hizo, JWT, iliwekewa viwango mwaka 2015. Ndani yake huandikwa nani ameithibitisha na lini itakufa.

Kwa zana isiyotekeleza JavaScript, hifadhi haipo. Kipengele cha kusimamia kuki hakisaidii hapa, na wapimaji wanaodhani kwamba kimemaliza kazi hushangaa kila ombi likikataliwa kwa msimbo 401. Njia iliyopo ni kuigiza kwa mkono kile ambacho programu ya ukurasa ingefanya: kunyofoa tokeni kutoka jibu la kuingia, kuiweka katika kigeu cha mtumiaji bandia husika, na kuiandika katika kichwa cha maombi yanayofuata. Utaratibu huohuo hutumika kwa thamani za siri zinazofichwa ndani ya fomu ili kuzuia maombi ya kughushi. Thamani hizo hubadilika kwa kila kikao au kila fomu. Skripti iliyorekodiwa jana ikiwa na thamani ya jana itakataliwa leo, na kuirekebisha kwa kunakili thamani ya leo ni kuahirisha tatizo hadi kesho.

Muda wa uhai wa tokeni unahitaji uangalifu wa pekee. Tokeni ikiwa inaishi dakika 15 na jaribio likawa la saa moja, robo ya kwanza itapendeza na baada ya hapo makosa yatajaa, na mtu asiyejua atadhani seva imechoka. Katika kivinjari cha kweli, programu ya ukurasa huomba tokeni mpya kabla ile ya zamani haijafa, bila mtumiaji kuhisi. Skripti ya jaribio lazima ifanye hivyo pia. Isitoshe, watumiaji bandia wakianzishwa wote kwa dakika moja, tokeni zao zitakufa pamoja na wote watarudi kuomba upya kwa pamoja, wimbi ambalo maisha halisi huzalisha mara chache. Kuwaanzisha kwa kupishana huondoa wimbi hilo bandia.

Pale ambapo mantiki ya kivinjari ni nzito kiasi cha kutoigizika kwa mkono, hutumiwa zana zinazoendesha kivinjari chenyewe, kama Playwright au Selenium. Playwright huweza kuandika kuki na hifadhi ya kudumu ya mtumiaji aliyekwisha kuingia katika faili, na kulipakia faili hilo mwanzoni mwa kila jaribio. Hifadhi ya kikao haimo katika faili hilo, na mfumo unaoiweka tokeni humo utamwona mtumiaji kama hajaingia. Mpimaji hulazimika kuiandika humo mwenyewe. Vivinjari kamili ni vizito mno kuwa umati. Desturi inayofaa ni kuendesha vichache, pengine kumi, katikati ya maelfu ya watumiaji bandia wa ngazi ya itifaki, ili vichache vioneshe anachokiona mtu na wengi wazalishe msongamano.

8.0 Data za nani?

Kuki na tokeni hai ni funguo. Anayezishika huingia katika akaunti ya mwenyewe bila nywila. Kwa hiyo pendekezo ambalo hutolewa mara kwa mara katika vikao vya maandalizi, la kuchukua kuki kutoka rekodi za watumiaji halisi ili jaribio lifanane na maisha, halikubaliki hata kama nia ni njema. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022, na fomu ya udahili ina majina, tarehe za kuzaliwa na alama za mitihani za vijana, baadhi yao hawajatimiza miaka 18. Akaunti za jaribio ziundwe mahususi, idadi yake ilingane na idadi ya watumiaji bandia, na kila mmoja apewe yake.

Ukurasa wa kawaida pia huita seva za watu wengine kwa ajili ya takwimu za wageni, ramani au malipo, nazo hutoa kuki zao. Maombi hayo yaondolewe katika skripti. Kuelekeza mzigo wa maelfu kwa seva ya mtu asiye na habari hakutofautiani, kwa upande wake, na shambulio. Tena hupotosha takwimu za chuo chenyewe kwa kuandika wageni ambao hawakuwahi kuwapo.

Mafaili yanayotunza tokeni za jaribio huachwa mara nyingi katika ghala la msimbo, pamoja na skripti, ambako kila mwenye ruhusa ya kusoma huyaona. Mahali pake ni nje ya ghala hilo. Jaribio likiisha, mafaili hufutwa siku hiyohiyo, vikao vyote vilivyobaki hubatilishwa upande wa seva, na akaunti bandia hufungwa kabla dirisha la udahili halijafunguliwa, ili zisije zikahesabiwa miongoni mwa waombaji.